Mama Mwenye Nyumba na Msiba Usio na Maiti

Kama unataka kujua alizaliwa lini na babu yake alikuwa nani, umekosea mlango. Mimi nilikuwa mpangaji wake tu, miaka sita, chumba cha pili kushoto ukiingia, na habari za ukoo wake alizisimulia kila siku kwa namna yake. Siku ya furaha babu yake alikuwa kiongozi wa msafara aliyetoka pwani na wapagazi wasiohesabika. Siku ya hasira babu huyohuyo alikuwa mpagazi aliyevimba mguu, wenzake wakamwacha Dodoma wakaenda zao Tabora. Nikaacha kusikiliza. Kitu kimoja tu hakikubadilika katika hadithi zake zote, nacho ni nyumba. Ilikuwa ya baba yake, ya kuta nene za mawe na udongo, baraza pana mbele, vyumba sita, ua katikati, na bati lililoshika kutu mpaka likafanana na udongo wa mtaani. Sisi wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, mtaa ukafuata, mwisho hata barua zake zilikuja zimeandikwa hivyo.

Yeye naye hakuwa na habari na majina yetu. Alituita kwa vyumba. Mimi nilikuwa mpiga chapa Bungeni, ofisini wananiita Bi fulani kwa heshima zote, nikirudi nyumbani nakuwa Chumba cha Pili. "Chumba cha Pili! Sufuria lako linakusubiri likuoshe wewe au?" Sokoni je? Alikuwa anaweza kupiga kelele kutoka kwenye nyanya mpaka kwenye dagaa: "Chumba cha Nne, mkeo amekuja kutoka Gulwe, nenda nyumbani upesi ukafiche lile jambo lako!" Chumba cha Nne hakuwa na jambo lolote la kuficha, maskini, alikuwa mwalimu wa hesabu. Lakini ilimchukua mwezi mzima kumwelewesha mkewe.

Shikamoo aliidai kwa kila mtu. Siku moja alikuja mheshimiwa mmoja kutafuta chumba wakati wa vikao, gesti zote zimejaa, mzee wa mvi, kwa macho tu unaona kamzidi Mama miaka kumi. Akasimama barazani akasubiri kuamkiwa. Mama naye akasubiri. Nikasikia koo zao zikisafishwa kwa zamu. Mwishowe mheshimiwa akashindwa, jua kali, sanduku mkononi: "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Shikamoo haiangalii mvi, inaangalia nani ana ufunguo." Akampa chumba chake mwenyewe, yeye akalala jikoni wiki mbili, na asubuhi anampelekea uji kabla hajaamka.

Hapo ndipo utamwelewa. Mdomo wake ulikuwa pilipili, lakini kumrudisha mtu mlangoni hakuweza. Baba yake alipokuwa anakata roho alimwambia neno moja, nyumba hii isilale bila mgeni, na yeye akalichukua neno hilo mzimamzima kama dawa. Nimewahi kuamka asubuhi nikakuta barazani wamelala wanafunzi wanne waliokosa treni, mwuza vitunguu wa Bahi, na sista wa Kikatoliki amejifunika kanga ya Mama. Nikamwuliza, "Mama, hawa wote unawajua?" Akasema, "Nikiwajua watakuwa wageni?"

Alikuwa na kinyume chake, kama sisi sote. Alituambia kila siku kwamba haogopi chochote isipokuwa Mungu, na kweli nilimwona akiua nge kwa kisigino huku anaongea na mtu mwingine. Lakini chura! Chura akionekana uani mvua za kwanza, Mama anapanda juu ya meza na hashuki mpaka tumhakikishie kwa viapo. Alikataza pombe ndani ya nyumba, hakutaka hata harufu. Lakini alikuwa na mzabibu mmoja uani, na juisi yake ya zabibu ilikuwa na tabia ya kusahauliwa kwenye mtungi siku tano. Akiionja anakunja uso, anasema imeharibika, anaimwaga kwa majonzi makubwa na polepole sana. Alituhimiza wote tuwe wakweli, na mwenyewe alikuwa mwongo hodari kuliko watu wote niliowahi kuishi nao, pamoja na wale niliokuwa nikiwapigia chapa hotuba zao.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa. Mitumba ilirudi kwa fujo, sabuni zikaja za rangi zote, mtu akipata kipenyo anafungua duka, na televisheni zikaingia. Ya Mama ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu, aliletewa na kaka yake kutoka Dar es Salaam, na antena tukaifunga juu ya mwanzi. Masharti yalikuwa mawili: unanawa miguu, na huongei wakati yeye anaongea. Kwa kuwa alikuwa anaongea muda wote, tuliangalia kimya. Msomaji wa habari akisema "Habari za jioni, mtazamaji," Mama anaitikia, "Nzuri, baba, leo umechelewa." Wakionyesha mafuriko ya nchi za mbali anasema, "Na sisi mtuletee kidogo." Michezo ya kuigiza ndiyo ilikuwa roho yake. Mchezaji akikaribia kudanganywa alimpigia kelele aondoke pale, na akidanganywa Mama hali chakula.

Sasa huyo kaka yake aliyeleta televisheni ndiye aliyeleta na balaa.

Alikuwa akiuza vipuri vya magari Dar es Salaam, mtu mpole, mtaratibu, anayejifuta jasho kwa leso iliyokunjwa mara nne. Akaja siku moja akakaa barazani, akaeleza kwamba nyumba kuukuu haina faida, kwamba tajiri mmoja wa sokoni anaitaka aivunje ajenge gesti ya ghorofa, na kwamba wakishauza Mama atakwenda kuishi naye Dar, kwenye chumba chenye feni. Kwa mirathi yeye alikuwa na fungu kubwa. Mama alikuwa na mdomo tu, na siku hiyo mdomo ulimkauka. Nilikuwa napepeta mchele uani, nikamwona akiingia jikoni, akasimama kimya mbele ya mafiga. Nikajua mambo yameharibika.

Tajiri mwenyewe akaja kupima. Alikuja na kamba na msaidizi, akapima baraza, akapima ua, akaingia mpaka chumbani kwa Mama, naye Mama yuko juu ya mswala. Hakukatisha sala. Alipotoa salamu ya mwisho akageuka: "Umenipima na mimi? Andika hapo: bibi mmoja, haendi na nyumba." Tajiri akacheka. Akasema anasafiri kuleta mzigo, akirudi wataandikishana. Usiku huo Mama hakuiwasha televisheni, tukaogopa sote.

Mgeni aliyefuata alikuja mwezi wa nane, vumbi la Dodoma likiwa kazini. Alikuwa kijana mwenye miwani na kizibao cha mifuko mingi mno, na nyuma yake gari dogo limejaa nyaya na waigizaji. Akajitambulisha kuwa mtayarishaji, anatengenezea kituo kimoja cha televisheni cha Dar mchezo wa sehemu nne, na anatafuta nyumba ya zamani. Mchezo ameutoa kwenye riwaya maarufu ya Kizungu aliyoisoma chuoni.

"Riwaya ya nini, mwanangu?" Mama akamwuliza huku anamtengea chai.

"Ya kutisha, mama. Kuna familia ya kitajiri, jumba la kurithi, na mzimu wa bibi wa zamani. Unatembea ndani, unafungua milango, hautaki nyumba itoke mikononi mwa ukoo."

Mama akaiweka birika chini. "Rudia hapo pa mwisho."

Akarudia. Mama akasema nyumba ni yake, wakae watakavyo, na asitajiwe malipo, ila ana neno moja tu. Hadithi inaishaje? Kijana akaeleza kwa mikono, macho yanang'aa, kwamba mwishoni jumba lote linaanguka na familia yote inafukiwa.

"Haianguki."

"Lakini mama, mwandishi ndivyo alivyo..."

"Mwandishi huyo amewahi kujenga hata banda la kuku? Yuko hai?"

"Alikufa zamani sana."

"Basi hatalalamika. Nyumba haianguki, kunywa chai."

Wiki mbili zile nilicheka kuliko maisha yangu yote yaliyotangulia. Kumbe Wazungu mzimu wao wanauweka darini! Dari letu lilikuwa na popo, na mpiga picha aliyepanda kuangalia alishuka haraka kuliko ngazi. Wao walitaka ukungu, tukawapa vumbi, hilo halikuwa na upungufu. Lakini walitaka na mvua, mvua ya radi, kwa sababu kitabuni mzimu hautoki bila mvua. Mvua, Dodoma, mwezi wa nane! Mtayarishaji akanunua maji ya mikokoteni, akapandisha mapipa juu ya bati, wanaume wawili wakawa wanamwaga kwa makopo huku mwigizaji analia dirishani. Maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye paa. Haukupita muda wa kuhesabu ishirini, wanawake wa mtaa wakawa wamejipanga chini ya bati, kila mmoja na ndoo yake, foleni imenyooka. Mtayarishaji anapiga kelele, "Kata! Kata!" Mwanamke mmoja akamjibu bila kugeuka, "Usikate, ndoo yangu haijajaa." Ukiuona mchezo ule, katika ile mvua ya huzuni utaona ncha ya ndoo ya bluu. Hawakuweza kuiondoa.

Mzimu ulikuwa uchezwe na mwigizaji wa Dar, binti mzuri, lakini siku ya tatu alikuta nge ndani ya kiatu, akapanda basi na kiatu kimoja. Mtayarishaji akashika kichwa. Mama akasema, taratibu, kama mtu anayejitolea kuosha vyombo, kwamba yeye anaweza kusimama hapo kidogo. Mimi ndiye niliyempaka unga wa sembe usoni, saa nne asubuhi, ukumbini, huku anapiga chafya. Wakamvika shuka jeupe, wakamsimamisha chumbani kwake, mwigizaji mwanamume akafungua mlango kwa hofu kubwa, na mzimu ukasema, "Karibu, pita ndani."

"Mama," mtayarishaji akasema, "mzimu haukaribishi watu."

"Mzimu wa nyumba gani huo? Umelelewa na nani?"

Wakarudia mara saba. Mara ya saba aliweza kunyamaza, akamtazama tu yule mwigizaji, na mimi niliyesimama nyuma ya kamera na unga bado mikononi nikahisi vinyweleo vinasimama. Sijui alikuwa anafikiria nini. Labda kamba ya kupimia.

Halafu ikaja siku ya msiba.

Katika sehemu ya pili mkuu wa familia anafariki. Wakafunga turubai mbele ya baraza, wakatandika mikeka, wakaleta sanduku la maiti lililotengenezwa na seremala wa Ihumwa, zuri, limepigwa vanishi. Mtayarishaji akatuomba sisi wanawake tulie kidogo, kwa sauti ya chini, anajaribu mitambo tu. Tukaanza kunung'unika kwa aibu huku tunafinyana. Mama akainuka. Akasimama mlangoni, akaweka mikono kichwani, akatoa sauti ambayo kwa miaka yote ile sikujua kama anayo.

"Baba yangu eee! Baba! Nyumba hii umeniachia nani?"

Nikaacha kucheka. Kilio kile hakikuwa cha kuigiza hata kidogo.

Sasa mtu wa kwetu akisikia kilio na akaona turubai, hana cha kuuliza. Anajifunga kanga anakuja. Kuuliza nani kafa ni kukosa adabu; utakaa, utalia, utaambiwa. Ndani ya nusu saa mtaa wote ulikuwa barazani. Wanaume walibeba mabenchi, wanawake wakaja na unga, kuni, na maji, tena maji yaleyale waliyoyakinga kwenye mvua ya bandia. Kila aliyefika alilia kwa nguvu zaidi, kwa sababu hakujua anamlilia nani na hakutaka kuonekana anabagua. Mtu akapita na gari la ofisini kwetu akapeleka habari, na kabla ya saa saba bosi wangu mwenyewe akafika na wenzangu watano, suti nyeusi. Aliponiona akashtuka: "Kumbe si wewe!" Nikasema si mimi, bosi. Mpaka leo naamini alisononeka kidogo, hotuba alikuwa ameshaiandika.

Mtayarishaji alikuwa kama mtu aliyeokota mbuzi aliyenona. Kamera inazunguka, watu wanalia bure, hajapata kuona waigizaji kama hao. Nilimsogelea Mama nikamnong'oneza, "Mama, waambie basi." Akanijibu huku machozi yanamtiririka, "Mtu akishakuja msibani hafukuzwi. Kaangalie wali."

Tungetoka salama kama si watani. Ukoo wa Mama na Wagogo wanataniana tangu enzi za misafara, na mtani mkuu wa nyumba ile alikuwa mzee mmoja fundi baiskeli, mrefu, masikio yametobolewa, midomo yao yeye na Mama ilikuwa inatoshana. Mtani kazi yake msibani ni kuvuruga huzuni. Ana haki ya kumtukana marehemu, kulala njiani, kuzuia maziko mpaka apewe kuku. Akaja anacheka tangu mbali, anaamkia kwa Kigogo: "Mbukwa! Mbukwa! Nasikia hatimaye mmekufa! Nani kafa humu? Ni huyu mwongo mwenyewe?" Mama yuko hapo hai, analia, hivyo si yeye. "Haendi kaburini mtu mpaka nimwone anavyonuna!" Watu wakaanza kucheka, kama inavyotakiwa. Mzee akalifikia sanduku, akaligonga mara mbili, akafunua kifuniko.

Akanyamaza. Mtani anyamaze msibani! Hilo lilitisha watu kuliko kitu chochote.

"Hamna mtu humu," akasema.

Mtayarishaji akafungua mdomo aeleze, na ninaapa nilimwona Mama akimkanyaga mguu. Baadaye ikaelezwa, naam, kamera zilionekana, watu wakaambiwa ni mchezo wa televisheni, wengine wakacheka, wengine wakakasirika, na wote wakala. Lakini yule mzee hakula. Aliondoka na baiskeli yake, na alipofika njiani akageuka akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Msiba umeliliwa na maiti hayupo. Nyumba itamngoja." Sijui kama ni mila ya kwao au aliitunga palepale. Nilichoona ni kwamba wanawake walioleta maji walizichukua ndoo zao wakaenda zao bila kuaga.

Mchezo ukaonyeshwa baada ya miezi michache. Tuliutazama ukumbini, Mama katikati, anajisifu. Tajiri wa sokoni naye aliutazama kwake, na katika chumba alichokipima kwa kamba yake akamwona bibi mweupe anamtazama yeye. Ukijumlisha na habari za sanduku tupu, ambazo kufikia hapo zilikuwa zimeshafika Mpwapwa zikiwa na nyongeza, alimpelekea kaka yake Mama ujumbe mfupi: hanunui nyumba yenye watu. Kaka akaja na basi la asubuhi, leso imelowa. "Umeiharibu nyumba ya baba!" Mama akamwonyesha kuta kwa mkono. "Nyumba hiyo hapo. Kilichoharibika ni bei." Siku hiyo alipika pilau, akatualika wote, na aliimba. Alikuwa na sauti mbaya sana. Tulimpigia makofi kwa sababu tulimpenda, na tulifurahi naye kwa dhati, mimi wa kwanza.

Hatukujua kwamba tulikuwa tunakula pilau ya kuagana.

Chumba cha Nne akashikwa na malaria. Dodoma nzima ilikuwa na malaria mwaka ule, lakini ya chumba cha nne ilikuwa na jina: sanduku tupu. Mkewe akaja na gari kutoka Gulwe akambeba na godoro lake. Chumba cha Sita akasikia mlango unafunguka wenyewe, mlango ambao tangu nafika haukuwa na kitasa. Akahama. Kisha wa kwanza, wa tano. Vikao vya Bunge vikaja, gesti zikajaa, na wageni wakaelekezwa kwetu na dereva teksi, wakafika barazani, wakanong'onezwa na jirani, wakaondoka na masanduku yao. Mama anatoka na ufunguo anakuta baraza tupu. Wanafunzi waliokosa treni walikesha stesheni. Mara ya kwanza alitukana. Mara ya pili alicheka. Baadaye akawa anaingia ndani tu.

Na mimi? Nilimwambia nimepata chumba karibu na kazini. Ilikuwa kweli. Lakini kilikuja nikiwa nakitafuta, na yeye alijua, kwa sababu mwongo hodari huwatambua wenzake. Akanisaidia kufunga mizigo, akanifungia na kisu cha jikoni nilichokuwa nimekiazima. "Chukua. Utakata nyanya za watu."

Sikurudi kwa miaka saba. Nilihamia Morogoro, nikaolewa, nikawa na sababu zangu. Nikaja Dodoma kwa semina ya siku mbili, na semina ilipoisha mchana nikaona aibu kupanda basi bila kumwona. Nikasema nitakaa saa moja.

Mtaa ulikuwa umejaa maduka ya simu na saluni. Nyumba ilikuwa palepale, imefagiliwa mpaka udongo unang'aa, na watoto waliotoka shule niliwaona wakivuka barabara kabla ya kuifikia, kisha wakivuka tena kurudi. Mama alikuwa amekaa barazani. Amekonda, mkono mmoja unatetemeka, mdomo haujaguswa. "Marahaba. Umenenepa vibaya. Huyo mume anakupa amira?" Akanitembeza vyumba vyote vya wapangaji. Vitanda vimetandikwa, shuka safi, kila chumba na chandarua na jagi la maji lililofunikwa kwa sahani. Nikauliza nani anakaa humo. "Mashuka," akasema.

Tukakaa, tukanywa chai, akanisimulia vituko vya mtaa. Kaka yake anampigia kwa jirani kila Idi. Yule fundi baiskeli alikuwa amefariki, na yeye alikwenda msibani kumtania mpaka wanawe wakacheka hadi machozi. Kisha akaniambia bila kuulizwa.

"Nililia makusudi. Usinifanye mjinga, ulikuwa unajua. Hata nani atafunua sanduku nilijua. Huyo mzee asingepita karibu na sanduku asilifunue." Akazungusha kikombe. "Nilitaka kumfukuza mnunuzi mmoja tu, mwanangu. Sikujua uongo hauchagui."

Nilimhurumia, na yeye hapendi huruma, akaniuliza kama huko Morogoro kuna ukimya kama huu. Jua likaanza kushuka nyuma ya matangi ya reli. Akasema, kama jambo dogo, "Lala hapa leo."

"Nina basi, mama."

"La saa ngapi?"

"La saa kumi."

Saa yake ya ukutani ilisema kumi na moja kasoro. Sote wawili tukaitazama.

"Hata wewe?" akasema.

Hakulalamika. Aliuliza kwelikweli, alitaka kujua. Na mimi, niliyempaka ule unga kwa mikono yangu, niliyejua jina la seremala wa lile sanduku, nilikuwa naogopa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikavua viatu.

Alinipikia wali na kuku, akanilazimisha kumaliza, akanipa chumba changu kilekile. Aliniuliza kama mto unatosha, kama nataka taa ibaki, kama nasikia baridi. Alfajiri, kabla ya adhana, mlango ulisukumwa polepole. Alikuwa yeye, kanga mabegani, miguu mitupu, amesimama anatega sikio.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Akaurudisha mlango. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Zile tatu za kwanza nilijifanya nimelala.